Maboma ya Mawe ya Wazee Wetu, na Maelezo ya Hasara Moja



Kila mwaka kitabu hiki huwaletea habari za fedha zilizoingia na zilizotoka, habari za waliofiwa wakasaidiwa, na karo za watoto wetu waliomo shuleni. Mwaka huu Halmashauri imeniagiza niongeze kurasa chache za historia. Sababu ya agizo hilo wengi wenu mnaijua, kwa maana ilizua maneno marefu mkutanoni. Lakini yafaa niieleze kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini, na kwa ajili ya vijana ambao watakisoma kitabu hiki sisi tukiwa hatupo.

Chama kilipoanza kujenga ukuta wa kiwanja chake hapa Isebania, tuliletewa lori moja la mawe. Bei yake ilikuwa rahisi mno, nasi tulifurahi, tukalipa nusu ya fedha papo hapo. Mawe yalipokuwa yakishushwa, mzee mmoja wa Halmashauri, ambaye utotoni alichunga ng'ombe pande za ziwani, aliinama akaokota jiwe akaligeuza mkononi. Upande mmoja ulikuwa umeshika madoa makavu ya kuvu ya kijivu. Upande wa pili ulikuwa safi. Akasema, "Jiwe hili halikutoka machimboni. Jiwe la machimboni halina uso wala kisogo. Hili limekaa ukutani miaka mingi likitazama nje."

Dereva alipoulizwa hakuficha. Mawe yalikuwa yamebomolewa katika boma la kale lililomo ndani ya shamba la mtu. Hapo tukagawanyika. Wako waliosema kwamba mawe ni mawe, na kwamba mwenye shamba ana haki ya kuuza kilicho chake. Wako waliosema kwamba hatuwezi kuzungushia nyumba ya umoja kwa mawe ya kaburi la umoja. Mwisho lori liliondoka na mawe yake, ila nusu ya fedha haikurudi. Mtunza hazina ameionyesha hasara hiyo waziwazi katika hesabu za mwaka huu, naye anataka mkutano uikubali au uikatae. Kurasa hizi ndizo maelezo ya hasara hiyo.

MABOMA HAYA NI YAPI

Katika nchi iliyoitwa Nyanza ya Kusini, ambayo leo ni Kaunti za Migori na Homa Bay, yako maboma mengi ya mawe yaliyojengwa na watu wa kale. Wajaluo huliita boma la namna hii ohinga, nayo yakiwa mengi huitwa ohingni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulihesabu maboma 521 katika mahali 139. Mengi yamo pande za Kadem na Kanyamkago, Karungu, Gwassi na Kaksingri. Mengine yamebaki mstari tu wa mawe katikati ya mahindi, au kilima kidogo kilichofunikwa na vichaka ambacho mpita njia hudhani ni kazi ya Mungu.

Lililo kubwa na lililohifadhika kuliko yote ni Thimlich Ohinga, lililo kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, kiasi cha kilometa 46. Maana ya jina hilo kwa Kijaluo ni boma la mwitu wa kutisha. Huko yako maboma makubwa manne yenye majina ya Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch, na kila moja lina vyumba vya mawe vya ndani. Wataalamu wanakadiria kwamba yalijengwa katika karne ya 16. Serikali ya Kenya ilipatangaza mahali hapo kuwa mali ya taifa mwaka 1981. Mwaka 2000 Thimlich Ohinga iliingizwa katika orodha ya World Monuments Fund ya mahali pa kale palipo hatarini, na kuta zilizokuwa zikianguka zikatengenezwa. Kisha mwaka 2018 UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliiandika katika daftari ya urithi wa dunia nzima.

Hapa ndugu wengi hushangaa. Tumezoea kusikia kwamba ngome ni ile ya Mombasa iliyojengwa na Wareno, au yale majumba ya Wadachi upande wa Tanzania. Lakini watu wa nchi hii walikuwa na ngome zao katika karne ile ile ambayo Wareno walikuwa wakiijenga ngome yao ya Mombasa.

JINSI YALIVYOJENGWA

Mtu aliyezoea simiti akisimama mbele ya ukuta wa Kochieng hana budi kuuliza: ni kitu gani kinachoushika? Jibu ni kwamba hakuna kitu kinachoushika ila mawe yenyewe. Wajenzi hawakutumia chokaa wala udongo wala simiti, wala hawakuyachonga mawe. Waliyaokota kama walivyoyakuta, wakayachagua, wakayapanga hata kila moja likapata kiti chake.

Ukuta ulipangwa kwa tabaka tatu. Tabaka ya nje na tabaka ya ndani zilikuwa za mawe makubwa yenye uso mzuri. Katikati yake walishindilia mawe madogo madogo, yakazifunga zile tabaka mbili pamoja. Penye udhaifu walisimamisha mawe ya kutegemeza ukuta usiegemee upande mmoja. Kwa ufundi huo walipata kuta za unene wa mita 1 hadi 3, na kimo cha mita 1 na nusu hadi mita 4 na nusu. Tena hawakuujenga ukuta kwa mstari ulionyoka. Waliupindisha huku na huku, na mapindo hayo huuzidishia ukuta nguvu.

Angalieni milango. Mlango ulikuwa mwembamba na mfupi, na juu yake yalilazwa mawe marefu yenye kubeba uzito wa ukuta. Mtu mzima hakuweza kuingia ila ameinama. Mwenye mkuki hawezi kuurusha akiwa ameinama, wala wawili hawawezi kupita bega kwa bega; na karibu na mlango, kwa ndani, palikuwa na mahali palipoinuliwa pa mlinzi kusimama. Basi adui aliyeingia aliingia mmoja mmoja, kichwa mbele, mbele ya mtu aliyekwisha kumwona.

Ndani ya ukuta palikuwa na maisha kamili. Palikuwa na mazizi ya ng'ombe, na nyumba ambazo mashimo na misingi yake huonekana hata leo. Palikuwa na mahali pa kuyeyushia na kufulia chuma. Zimeonekana shanga za kioo ambazo hazikutengenezwa nchi hii, nazo zatuonyesha kwamba watu wa mle walifanya biashara iliyofika mbali. Na juu ya mwamba mmoja yamechimbwa mashimo ya mchezo wa bao, ambao Wajaluo huuita ajua. Ngome ilikuwa mji, na katika mji huo watu walizaa na kucheza, wakauguliwa na kuzika, kama sisi.

ADUI ALIKUWA NANI

Mali ya watu wa zamani ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe ndiye aliyelipa mahari na fidia ya damu, naye ndiye aliyeokoa watu siku za njaa. Lakini ng'ombe ni mali yenye miguu: aweza kuchukuliwa usiku mmoja, na asubuhi tajiri akaamka maskini. Kwa sababu hiyo vita vya zamani katika nchi hii vilikuwa kwa sehemu kubwa vita vya mifugo. Wala hatari haikuwa ya watu peke yao, kwa maana simba na chui pia walikuja zizini usiku.

Si Wajaluo peke yao waliokimbilia nyuma ya boma. Wakuria, wenyeji wa hapa Isebania, kabla ya siku za serikali za wageni waliishi kwa kukusanyika ndani ya maboma kwa kuogopa mashambulio. Walitawanyika mashambani baadaye, hatari ilipopungua. Katika nchi ya Siaya yako maboma ya udongo yenye handaki kulizunguka, nayo huitwa gunda bussi. Mawe yalipokuwapo watu walitumia mawe, na yalipokosekana walichimba handaki na udongo wake wakaufanya ukuta.

Maboma ya udongo nayo yalikuwa ngome kweli. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia katika maboma yao ya Lumboka na Chetambe walipopigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na C. W. Hobley, pamoja na washirika wake Waafrika. Ukuta wa udongo na handaki vilitosha kumzuia mwenye mkuki. Lakini jeshi lile lilikuja na bombomu, na ukuta haukutosha. Watu wengi walikufa. Leo mji wa Webuye umekua chini ya kilima cha Chetambe, na magari ya barabara kuu hupita hapo mchana na usiku. Abiria wangapi huinua macho kukitazama kile kilima?

MJENZI NA MRITHI

Sasa nimefika kwenye neno ambalo kwa ajili yake hasa nimeandika kurasa hizi.

Watu wakilitaja boma la kale, swali la kwanza ni hili: lilikuwa la kabila gani? Mtu wa kabila hili adai lilijengwa na babu zake. Mtu wa kabila lile acheke amwambie kwamba babu zake walikuta limekwisha kujengwa. Nimesikia mabishano hayo sokoni, na nimeyasikia hata katika mikutano ya Chama hiki.

Lakini wataalamu waliochunguza Thimlich Ohinga wametuonyesha jambo la ajabu kuliko jibu la swali hilo. Boma lile halikukaliwa na watu wa namna moja tangu mwanzo hata mwisho. Yasemekana wajenzi wa kwanza huenda walikuwa watu wa lugha za Kibantu. Kisha wakaja Wajaluo kwa koo mbalimbali. Watu walikaa, wakahama, na wengine wakaingia mahali pao. Na kila waliokuja waliukuta ukuta umelegea, wakautengeneza. Waliona pamepungua, wakaongeza. Nao walifuata ufundi ule ule wa tabaka tatu, kana kwamba waliokwenda zao wamewaachia mafunzo. Ndivyo ilivyokuwa tangu karne ya 16 hata katikati ya karne ya 20.

Fikirini maana yake, wazee wetu. Ukuta usio na chokaa hauwezi kusimama miaka 400 kwa nguvu zake wenyewe. Mvua huulainisha mchanga ulio chini yake. Mti huota katikati ya mawe ukayasukuma. Ng'ombe hujikuna ubavu, mbuzi hupanda juu, na kila mwaka jiwe moja au mawili huanguka. Asipokuwapo mtu wa kulirudisha jiwe lililoanguka, kwa miaka michache pengo litakuwa njia, na njia itakuwa uwanda. Kuta tunazoziona leo zimesimama kwa sababu watu wengi ambao hawakuzijenga waliziona kuwa zao, wakainama wakaokota jiwe. Kama kila kabila lililofika lingesema, "Ukuta huu si wa babu zangu, nauangushe," Thimlich isingekuwapo. Na kama lingesema, "Ukuta huu ni wa babu zangu peke yao," wale waliofuata wasingalijua kuutengeneza.

Kwa hivyo mimi nasema kwamba boma si la aliyelijenga peke yake. Boma ni la kila aliyerudisha jiwe mahali pake. Hapa Isebania tunakaa Wakuria na Wajaluo, Wakisii na Wasuba, Waluhya na Wasomali, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Tunayo mabishano yetu juu ya ardhi na kura na ng'ombe walioibiwa, na baadhi yake yamemwaga damu. Sitayaficha, kwa kuwa kila mzee hapa anayajua. Watu hao wa kabila mbalimbali, wakipokezana ukuta mmoja bila kuuangusha, walituachia fundisho ambalo hatulipati katika hotuba za siku za uchaguzi.

MABOMA YA WAGENI

Wageni walipokuja kutawala nao walijenga ngome, na lugha yetu imelihifadhi jambo hilo kwa neno moja. Tukisema "nakwenda bomani," twamaanisha ofisi ya serikali. Lakini boma ni ukuta wa kuzuia adui, na maboma ya kwanza ya serikali yalikuwa hivyo hivyo: mahali pa askari, pamezungushiwa, pawe pa kukimbilia siku ya vita.

Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walikaa Ulaya wakachora mstari kutoka pwani hata mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini inaukata ufuko wa mashariki wa ziwa letu. Na mwaka 1890 wakauendeleza mstari huo kupita ziwani. Hawakuuliza ni nani akaaye chini ya kalamu yao. Mstari ule umepita hapa petu: upande huu Isebania, upande ule Sirari, na Wakuria wakajikuta mtu na ndugu yake chini ya bendera mbili. Huo nao ni ukuta wa vita, ijapokuwa hauna mawe, kwa maana ulichorwa na mataifa mawili yaliyoogopana.

Hofu hiyo ilizaa mwaka 1914. Mwezi wa Septemba, vita kuu ya kwanza ilipokuwa haijatimiza miezi miwili, jeshi la Wadachi lilivuka mpaka huu likaenda hata Kisii, kituo ambacho Waingereza walikianzisha mwaka 1907, wakakiteka. Askari wa Keya waliletwa kwa meli kutoka Kisumu hata Kendu Bay, wakapanda milimani kwa miguu, na tarehe 12 Septemba wakapigana na Wadachi palepale Kisii. Pande zote mbili ziliumizwa sana, na Wadachi wakarudi kwao. Vita vilikuwa vya Wazungu wawili, lakini wengi wa waliopigana na kufa walikuwa Waafrika wa pande zote mbili. Na kwa sababu mji ulipoachwa wazi wenyeji waliingia wakatwaa vitu, serikali iliporudi iliwaadhibu Wakisii kwa kuwachomea nyumba na kuwachukulia ng'ombe.

Leo Kisii ni mji mkubwa wa maghorofa na matatu. Mtu ateremkaye pale stendi hawezi kuona kwamba amesimama katika nchi iliyopiganiwa. Kadhalika Karungu, ambayo ilikuwa kituo cha serikali kabla ya Kisii, na mbele yake, Septemba ile ile, meli ya Wadachi iliyoitwa Muansa ilipambana na meli ya Waingereza iliyoitwa Winifred. Leo wavuvi hutandaza nyavu ufukoni bila kulijua jambo hilo. Na upande wa Tanzania, boma la Ikoma lililojengwa na Wadachi, ambalo mwaka 1917 lilipiganiwa kati yao na askari wa Wabelgiji, limebaki magofu ukingoni mwa Serengeti.

Ngome za wageni zilidumu muda gani katika kazi yake? Zilipoisha serikali zilizozijenga, zikabaki ofisi, au magereza, au magofu. Thimlich ilidumu katika kazi yake zaidi ya miaka 300. Tofauti si ubora wa mawe. Ngome ya serikali ilijengwa kwa amri, nayo iliachwa kwa amri. Boma la wazee wetu lilijengwa na waliokaa ndani yake, na kila aliyeingia alijua kwamba usingizi wake wa usiku umetegemea ukuta ule.

MAWE YALIYOJIFICHA KATI YETU

Amani ya serikali ilipokuja, na watu walipopewa mashamba ya mtu mmoja mmoja, hakukuwa tena na haja ya kusongamana ndani ya ukuta. Wakatoka. Lakini hawakulisahau umbo lake. Mji wa Mjaluo wa zamani, wenye nyumba zilizopangwa kwa duara, zizi katikati, na ua wa minyaa kuuzunguka, ni ohinga iliyobadili mawe ikavaa majani. Mtoto aliyekulia katika mji wa namna hiyo amekulia ndani ya ramani ya ngome bila kuambiwa.

Mawe yenyewe yalibaki yamelala. Kisha miji ikaanza kukua, nasi tukaanza kuyahitaji. Jiwe la boma la kale lina hatari moja kubwa: ni jiwe jema. Limekwisha kuchaguliwa na mtu mwenye jicho, limekauka, na limekusanywa mahali pamoja. Mwenye haja ya msingi wa nyumba, au wa dukani, au wa darasa, au kokoto ya barabara, haoni ukuta. Aona kazi iliyokwisha fanywa nusu. Hivyo maboma mengi yameliwa kidogo kidogo, wala si na maadui, bali na watu wema wenye kujenga nyumba za ibada na shule. Mawe hayakutoweka. Yamo miongoni mwetu, ndani ya plasta na chini ya rangi, ila hayawezi tena kusema neno, kwa kuwa jiwe la boma husema likiwa pamoja na wenzake.

Wala simlaumu mwenye shamba aliyetuuzia. Ana watoto, na boma lililo shambani mwake limechukua nafasi ya mahindi. Hakuna mtu aliyekwenda kumweleza jambo lolote, wala kumpa senti ya kulilinda. Alipofika mwenye lori, yeye ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuyathamini mawe yake. Lawama ikitafutwa, itatufikia sisi tuliosoma, ambao twajua majina ya wafalme wa Uingereza wala hatujui jina la kilima kilicho nyuma ya soko letu.

YANAYOTUPASA

Halmashauri haikuniagiza nihubiri, bali nieleze. Hata hivyo, ili hasara ya mwaka huu isiwe ya bure, naleta mbele ya mkutano mambo manne.

Kwanza, Chama chetu kisinunue wala kisipokee mawe ambayo chimbuko lake halijulikani, hata bei yake iwe rahisi kiasi gani. Mjumbe wa ujenzi na aende mwenyewe machimboni aone.

Pili, mwanachama yeyote akiona mstari wa mawe yaliyopangwa katika shamba lake au la jirani, asiyaguse kabla ya kuwaita wazee. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inamtaka aliyevumbua mahali pa kale atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Halmashauri itamsaidia kuandika barua.

Tatu, kila mzee aliye na habari ya boma, jina lake, na watu waliolikaa mmoja baada ya mwingine, na azieleze habari hizo kwa kijana mwenye daftari. Naomba zisiandikwe habari za ukoo mmoja tu. Aandikwe aliyejenga, na aandikwe aliyetengeneza.

Nne, watoto wetu tunaowalipia karo wapelekwe Thimlich Ohinga, angalau mara moja kabla hawajamaliza shule. Waingie kwa ule mlango mfupi, wainame kama walivyoinama watu wote walioingia, wenyeji na wageni, matajiri na maskini. Mtoto aliyeinama pale atakumbuka zaidi ya yule aliyesoma kurasa zangu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatuna uwezo wa kujenga ukuta kama ule; ufundi wake hatunao tena, ila mafundi wachache tu. Lakini kuziba ufa twaweza. Ukuta wa kiwanja chetu umekwisha sasa, kwa mawe tuliyoyanunua machimboni kwa bei ya haki, nao umegharimu zaidi kuliko tulivyotarajia. Katika lori lile la kwanza lilibaki jiwe moja tu, ambalo yule mzee wetu alikuwa amelishika mkononi siku ile na akasahau kulirudisha. Anasema atalipeleka mwenyewe kwenye boma lake, akilipata pengo lilikotoka. Ameomba nauli ya safari hiyo kutoka hazina ya Chama.

Ndugu wanachama, hesabu ziko mbele yenu. Naomba mkutano uikubali hasara ya nusu ya bei ya lori moja la mawe, na kuiongezea nauli ya mzee mmoja.

Ndimi mtumishi wenu,
Katibu wa Chama